Kwacha za Kumtunza Raya

Jumapili, 20 Julai 2025

Raya, mtoto wa dada yangu, kapiga simu kutoka Lilongwe. Mambo yameiva! Nikaha hapa hapa kwangu Mwembesongo, Ijumaa ya Nanenane. Ngoma Jumamosi. Jumatatu tunapanda basi sote kwenda kwao mchumba wake Twaibu, Mangochi, Malawi, kwenye sherehe ya upande wa mume. Mimi Hatibu, mtoto wa Kinole, mwenye mashine ya kusaga, nakwenda nchi za nje! Pasipoti ninayo tangu Juni. Kwenye picha nimekunja uso kama mtu aliyefumaniwa.

Lakini mwisho wa simu kaniambia jambo. Huko kwa wakwe kuna mchezo wa harusi wanauita perekani. Mshereheshaji anaita ndugu wa mke — mnainuka, mnacheza, mnarusha noti mbele ya maharusi, moja moja. Kisha wanaitwa ndugu wa mume. Kisha nyie tena. Ukumbi mzima unaona nani kainuka na nani kakaa. Hela ya simu haihusiki. Noti mkononi, tena za kwao, tena ndogondogo ziwe nyingi.

Halafu akasema, huku anacheka, kwamba watu wa huko wanamtania hana mtu. Mimi sikucheka.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa dada, na wa dada ni wangu. Baba yake Mungu alishamchukua, na huyu nimemsomesha kwa unga mpaka akafika chuo pale SUA, ndiko alikokutana na Twaibu wake. Nikirusha noti tano nikaketi, watasema mke wa Twaibu hana kwao. Na mwanamke asiye na kwao, siku ya ugomvi anasimama na nani? Sikubali. Mjomba yupo. Nitarusha mpaka mshereheshaji achoke yeye.

Sasa hizo kwacha zinapatikana wapi?


Jumanne, 22 Julai

Benki. Foleni ndefu, kiti kimoja. Binti wa dirishani anaitwa Neema, mstaarabu, kanipa shikamoo kabla sijafungua mdomo. Kwacha hawana. Dola zipo, nilete pasipoti na tiketi. Nikifika kule niuze dola, ninunue kwacha.

Nikamuuliza: kwa hiyo hapa mnakata, na kule wanakata? Akatabasamu. Ndivyo ilivyo, baba.

Jamani, mimi nina mashine, habari hii naijua! Mtu analeta debe la mahindi, anaondoka na unga pungufu, pumba nabaki nazo mimi. Leo mwenye debe ni mimi. Tena debe moja lipite mashine mbili!

Lakini binti kanipa ushauri wa bure, nauandika nisisahau. Nikichukua dola, nichukue za mia mia, mpya, zisizo na mkunjo. Ndogo na kuukuu wanazipa bei ya chini, nyingine hawazipokei kabisa. Kadi ya benki inatoa hela kule, ila kila ukiichomeka wanakata, kwa hiyo nitoe mara moja tu, kiasi cha kutosha. Na mashine ikiuliza nihesabiwe kwa shilingi au kwa kwacha, nichague kwacha. Ukichagua shilingi wanakupangia bei wanayoitaka wao.

KWACHA. Si shilingi. Hatibu, usijifanye mzalendo mbele ya mashine.


Alhamisi, 24 Julai

Jirani yangu Hashimu aliendesha malori ya Malawi miaka mingi kabla ya mgongo kumsumbua. Nimemwita kwa chai na vitumbua. Kaja na hamu ya kusimulia, vitumbua vikaisha.

Anasema wako vijana pale mpakani Kasumulu, wanakuja na mabunda mpaka dirishani kwa basi. Bei yao tamu kuliko ya benki. Ndiyo maana wanaume wazima wanalia. Juu noti, chini noti, katikati karatasi za daftari. Au anakuhesabia vizuri, unaridhika, halafu anaomba arudie kidogo — umekwisha. Halafu ni kinyume cha sheria, na askari akitokea anakukamata wewe mgeni, kijana keshapotea.

Nikamwuliza yeye mwenyewe alikuwa anafanyaje. Kasema alikuwa analizwa kama wengine.

Msaada mkubwa huo! Vitumbua vyangu saba.


Jumamosi, 26 Julai

Mwanaheri, mke wangu, alikuwa anachagua mchele. Bila hata kuinua uso akasema: si mjomba wake Twaibu anakuja huku na kwacha zake? Na huku atataka shilingi za kumtunza bibi harusi siku ya ngoma? Basi badilishaneni. Hakuna benki, hakuna wa kukata.

Nikamwambia hajui mambo ya wanaume. Huyo bwana ndiye nitakayeshindana naye kwenye perekani! Nimfungulie mfuko wangu aone ndani mna nini? Atajua nitarusha raundi ngapi, aje na moja zaidi.

Kasema: haya, baba Mwinshehe. Akaendelea na mchele. Hiyo "haya" yake naijua tangu tuoane. Haina maana ya haya.


Jumatatu, 28 Julai

Mahindi ya Gairo yameingia kwa wingi. Mashine haipoi. Nimekohoa unga siku nzima na moyo mweupe. Hela inapatikana, alhamdulillahi. Tatizo ni kuivusha mpaka.


Jumamosi, 2 Agosti

Ewe Mola, nipe subira na dada yangu.

Semeni, mama yake Raya, kashuka leo kutoka Kinole na gari la ndizi. Baridi ya mlimani bado iko kwenye nguo zake. Kichwani kikapu, juu yake majani ya mgomba. Nikajua mdalasini. Akakitua katikati ya sebule, akafunua kwa maringo. Noti! Kikapu kizima! Buku, buku, buku, na elfu mbilimbili chache. Nyingine zimelegea kama kitambaa cha kufutia meza, nyingine zimebandikwa selotepu.

Ni mchango wa lukolo, ukoo wetu wote, wameuza karafuu. Wanampeleka mtoto wao kwa heshima. Nikashukuru, machozi yakanilenga. Kisha nikauliza mbona zote ndogo?

Akashangaa. Si mimi niliyesema kwenye simu kwamba huko zinatakiwa noti ndogondogo? Basi walikusanya elfu kumi kumi, safi kabisa, na yeye akazunguka duka kwa duka Kinole, akateremka mpaka Mkuyuni, anazivunja. Siku tatu! Kuna muuza sukari alimwomba atafute shughuli nyingine.

Semeni, nikamwambia, ndogo ni za kwao! Za kwetu zilitakiwa kubwa! Nani atazihesabu hizi?

Akanitazama. Akasema kwa upole kabisa kwamba hela ni hela, na kama wanaume wa mjini hawajui kuhesabu, watu wa Kinole wapo.

Mwanaheri kaenda jikoni kucheka. Nimemsikia.


Jumatatu, 4 Agosti

Kikapu benki. Foleni nyuma yangu ikaguna kama bati wakati wa jua. Neema kajitahidi, kaita na mwenzake, kisha kaniomba kwa adabu nikazipange kwanza, zitazame upande mmoja, za selotepu zikae peke yake. Nimerudi nazo nyumbani.

Amosi, anayenisaidia mashineni, ni Mnyamwezi, mtani wangu. Kaona kikapu, kauliza Waluguru tumemwibia konda gani. Nikamwambia afunge mdomo asage. Kasema hafungi, yeye mtani, na za selotepu ni zake kwa haki ya utani. Kachukua moja! Na siwezi kumkasirikia, ndiyo mila. Mnyamwezi yule.

Usiku tumepanga noti, mimi, Mwanaheri na Semeni. Semeni anazijua moja moja. Hii ya mama Kasiani, hii ya kwa fundi baiskeli, hii niliivunja kwa shida. Tumecheka sana. Kwa kweli muda mrefu hatujakaa hivi.


Jumatano, 6 Agosti

Wageni wameshuka stendi ya Msamvu salama. Raya wangu kanenepa kidogo, anang'aa! Twaibu kijana mwema, kapiga magoti kunisalimia, Amosi kamcheka. Yuko mama yake Twaibu. Na yuko mjomba mtu.

Anaitwa mzee Bwanali. Mrefu. Kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia iliyotarizwa. Kiswahili anakijua, ujanani alifanya kazi kwenye chai huko Tukuyu, lakini anakitoa kidogo kidogo. Hatabasamu hovyo. Na ana sanduku, masikini mimi, sanduku kubwa vijana wawili wamelibeba kwa kupokezana.

Nikamnong'oneza Mwanaheri: unaliona? Limejaa hela lile.

Limefunguliwa baada ya chakula. Samaki wakavu, wanaitwa chambo, na mchele wa kwao. Zawadi zetu! Nyumba nzima inanukia ziwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wallahi. Lakini koti hajalivua, na mfuko wa ndani umetuna.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimetoka asubuhi kupeleka noti zilizopangwa. Nimeamua: dola, za mia mia, potelea mbali zikatwe mara mbili. Nafika mlango wa benki — nani anatoka? Mzee Bwanali!

Tukasimama. Akasema anatembea. Nikasema na mimi natembea. Akatazama kikapu changu. Nikasema ndizi. Akatikisa kichwa, akasema mji mzuri. Nikasema karibu sana. Akaenda zake.

Mtu wa namna ile benki anafanya nini? Anaweka, anatoa? Nikaogopa kuingia asije akageuka akaniona. Nikarudi na ndizi zangu.

Bahili mwenye aibu ni hasara mbili. Kesho Nanenane, kisha mwisho wa wiki, hakuna benki, hakuna dola. Zimebaki buku za Semeni na vijana wa Kasumulu.


Ijumaa, 8 Agosti

Nikaha imefungwa baada ya sala ya Ijumaa. Baba yake mdogo ndiye walii. Kwa mila, niliulizwa kwanza mimi mjomba kama nimeridhia, nikasema nimeridhia.

Mji umefurika watu wa maonyesho. Malori mawili ya wanawake yametoka Kinole. Wamelala kwangu, kwa Hashimu, hata kwenye banda la mashine. Wana hamu moja tu: kesho wawaone hao wakwe wanavyotunza. Semeni ndiye kiongozi wao. Anasema mkwe hupimwa siku ya ngoma, siku nyingine zote ni maneno.

Raya kaja kukaa karibu yangu wakati watu wanakula. Kala kidogo. Nikamwuliza ana nini. Kasema hana kitu, ila anawaombea hawa watu wa Twaibu wasije wakachekwa kesho. Nikamwambia acha woga, mzee yule anazo. Kasema: sijui, mjomba. Nyumbani anazo.


Jumamosi, 9 Agosti

Naandika chumbani, mlango nimerudishia. Ngoma iko nje inapiga. Niandike sasa, nikingoja nitaipamba.

Baada ya alasiri wanawake walimtoa Raya, wakamketisha kwenye mkeka mpya, kanga juu ya kichwa. Mimi nazunguka zunguka na kanzu yangu. Mzee Bwanali akanishika mkono. Bwana Hatibu, nina neno, tuingie ndani.

Tukaingia stoo, kwenye magunia ya pumba. Akafungua koti. Akatoa bunda la kwacha, nene, limefungwa mpira. Akaniambia yote kwa mkupuo, mzee wa maneno machache! Pale mpakani vijana walimpa bei ya matusi, akakataa, akasema atabadilisha mjini. Hapa mjini kapita madirisha matatu. Hakuna anayezitaka. Ngoma inalia na yeye hana hata shilingi ya kumtunza mke wa mtoto wake.

"Kwetu mimi ni mtu, bwana Hatibu," akasema. "Nina ng'ombe, nina mashamba ya mpunga. Nikiinuka kwenye harusi wanapiga makofi kabla sijatoa mkono mfukoni. Hapa nimeshika makaratasi."

Kwanza nilifurahi! Wiki tatu nazitafuta kwacha, na Mungu kazileta mpaka stoo yangu. Mwanaheri alikuwa sawa, sitamwambia. Nikatoa simu, tukapiga hesabu. Kwacha kwenda dola, dola kuja shilingi, bila ya kumkata mtu. Jibu likaja. Bunda lote lile halifikii hata theluthi ya kikapu.

Akaomba nipige tena. Nikapiga tena. Lile lile. Akavua kofia, akafuta paji la uso. Na mimi siku zote hizi nimekuwa namwogopa huyu!

Nje wanawake wa Kinole wakabadilisha wimbo. Sauti ya Semeni ikawa juu ya zote:

Wakwe tumewaona, eee,
mikono hatujaiona!

Mzee akainamisha kichwa. Kiswahili anakijua.

Nikasimama pale. Tukibadilishana kwa haki, theluthi ya kikapu kwa bunda lake, atatoka atunze dakika moja, aishiwe. Watu wa Kinole watarudi mlimani wanasimulia. Na Raya chini ya ile kanga atasikia kila kitu, atajua kaolewa na watu waliochekwa na mama yake mwenyewe. Nimehangaika asionekane hana kwao huko. Sasa huku je? Huko anakokwenda ndiko kwao pia.

Sijui nini kilinipata, mimi mtu wa kuhesabu hata pumba. Nikavuta kikapu kutoka nyuma ya magunia, nikamsukumia.

Akauliza kwa bei gani. Nikasema bei tutaijua huko huko Mangochi. Akanisukumia bunda lake. Nikamrudishia, nikasema hizo ni za njiani, wote tutakula. Siku ya perekani wakiita ndugu wa mke, anitilie mfukoni kwanza, kwa kadiri atakavyoona yeye. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, hakuna bei! Mimi! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaanza kujaza. Mifuko ya koti, mifuko ya kanzu, nyingine kamwita dada yake akazifunga kwenye kanga.

Na alivyotoka! Jamani, mzee yule anacheza! Anapiga hatua mbili, anatua noti kwenye bega la Raya, anarudi nyuma, anazunguka, anatua nyingine. Buku, buku, buku. Mkeka ukapotea. Noti ndogo zinadumu, hazina mfano. Ingekuwa elfu kumi kumi za benki angemaliza mapema. Wapiga ngoma wakapandwa na wazimu. Wanawake wa Kinole wakashika vichwa, wakasema hawa ndio wakwe! Malawi wanajua kuoa!

Kisha nikaona selotepu. Semeni naye akaiona. Imetua mbele ya magoti yake. Akainama, akaitazama, akatazama nyingine, akainua macho akanitafuta mimi kwenye umati. Nikajikuna shingo. Halafu akapiga kigelegele, kirefu, mpaka Hashimu na mgongo wake akasimama.

Ndipo nikaingia humu chumbani.

Raya kapita dirishani sasa hivi, wanampeleka kubadilisha nguo. Kaegemea nondo, kanga imeteleza, jasho na furaha usoni. "Mjomba! Umewaona watu wangu?"

Nikamwambia nimewaona.

Kasema watu wangu. Hakusema watu wa Twaibu.

Hodi. Mwanaheri kaingia na sindano na uzi. Kasikia tumejifungia stoo na mzee Bwanali, anajua tumebadilishana, uso wake wote ni nilikwambia. Anataka hizo kwacha azishonee kwenye bitana ya koti langu, Jumatatu si mbali.

Nimemwambia zimeshatangulia Mangochi, kwenye neno la mzee Bwanali.

Kasimama. Uzi keshautunga.